Damu Nyeupe

Juisi ya choya siinywi. Wauzaji wa Kariakoo wakifungua magunia ya yale maua makavu mekundu, uchachu wake ukinifika puani, namwona mama uani kwetu Magomeni, akipuliza jiko la mkaa.

Mdogo wangu alikuwa ametoka hospitali na cheti chenye neno moja: leukemia. Mama, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, alinituma kwa mwalimu wetu wa sayansi.

"Ni Kigiriki," mwalimu alisema. "Leukos ni nyeupe, haima ni damu. Damu nyeupe."

"Inapona?"

Alinishika kichwa, akanirudishia cheti.

Nyumbani nilifikisha maana ya neno, basi. Mama akashusha pumzi. "Kumbe ni rangi tu imepotea!"

Tangu siku hiyo akawa anachemsha choya asubuhi na jioni, sukari yetu yote tuliyoipangia foleni dukani ikaishia humo. Mdogo wangu alikunywa mpaka akawa hawezi tena kushika kikombe mwenyewe.

Jioni moja mama alimfuta midomo kwa pindo la kanga, akanionyesha doa jekundu.

"Unaona? Inarudi."

"Naona, mama," nikamjibu.