Siku Niliyomfunga Mama

Mwaka ule nilikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na sikuwa nimeona uso wa hata mmoja wao. Kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa mchana, niliegemeza simu kwenye kopo la maziwa, nikavaa shati langu jeupe na kuanza kuzungumza na viboksi vyeusi. Bando la kuonyeshana sura ni ghali, kwa hiyo chuo kiliwaruhusu wazime kamera. Nilisikia pikipiki ikipita, mtoto akilia mahali fulani mjini Mbarara, kisha sauti inazimwa. Nikiuliza swali, nilingoja. Mara nyingi nilijijibu mwenyewe.

Uuguzi nilisomea kwetu Kivu ya Kusini. Nilipofika Uganda nilipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya Mbarara, na huko ndiko nilikoanza kuchukia shuka zilizokunjwa. Mzee aliyesumbua kwa kuinuka-inuka alizungushiwa shuka kiunoni na kufungwa kwenye kiti tangu chai ya asubuhi hadi jioni. Tulisema ni kwa usalama wake. Bibi mmoja aliyeingia pale akitembea kwa fimbo alikaa hivyo mpaka miguu ikakataa kabisa kumbeba. Nilianza kuuliza maswali, nikasoma nilichoweza kupata, na kidogo kidogo nikawa nawafungua. Habari zikafika kwenye chuo kimoja cha uuguzi, wakaniomba nifundishe somo hilo.

Lakini wakati huo mama yangu alikuwa ameanza kupotewa na kumbukumbu. Mume wangu tulimzika kwetu kabla ya kukimbia. Watoto wangu wawili walipata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, nami nikabaki kwa sababu ya mama. Tuliishi wawili katika nyumba ya udongo ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Kashojwa. Singeweza kumwacha na kwenda Mbarara kila wiki, ndipo chuo kikakubali nifundishe kwa simu.

Somo lenyewe halikuwa gumu. Niliwaambia: kabla hujamfunga mtu, jiulize anainuka kwenda wapi. Labda mkojo unambana. Labda ana njaa, ana maumivu, au anatafuta mtu. Shusha kitanda, msogeze karibu na choo, tembea naye. Niliwaeleza kuwa anayefungwa hupata vidonda, hudhoofika, na akijinasua huanguka vibaya zaidi. Nilifundisha kwa Kiingereza nilichokiokota ukubwani, na kilipokwama niliingiza Kiswahili.

Mama naye alikuwa na safari yake. Kila alasiri wingu likionekana upande wa ziwa, alisimama.

"Mvua iko nakuya," alisema. "Mihogo iko inje."

Hapakuwa na mihogo. Ile aliyokuwa akiikumbuka ilibaki imeanikwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya mipaka miwili. Lakini alitoka, na asipokuwepo wa kumfuata alifika mbali. Siku moja walimkuta barabarani, karibu kabisa na Base Camp, penye ofisi za makazi, hana viatu. Kwa hiyo saa za somo jirani yangu, mama mmoja Mrundi anayelima maharage, alikuja kukaa naye.

Jumanne moja jirani alikwenda kuuza maharage sokoni Kaberebere na gari likaharibika njiani. Saa tisa ikafika. Mbingu ilikuwa nyeusi. Mama alikwisha kusimama mara tatu, nami nikamrudisha mara tatu. Kwenye simu wanafunzi walikuwa wanaingia, jina moja baada ya jingine. Nilichukua kitenge kilichokuwa kwenye kamba ya nguo, nikakipitisha kiunoni mwake, nikakifunga nyuma ya kiti mahali ambapo mikono yake haifiki. Nilikifunga vizuri. Mikono yangu ilikuwa inaijua kazi ile.

Kisha nikaingia chumba cha pili na kufundisha kwa saa nzima kwa nini mtu asifungwe.

Sikumsikia mama akilia wala kuita. Nilijiambia amelala. Niliporudi nilimkuta macho, ametulia, amejikojolea, mkojo umetiririka hadi mlangoni. Aliniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni mwenye cheo.

"Mama," akaniambia mimi, mtoto wake. "Nimekosa nini? Ntakaa. Sitatembea tena."

Nilifungua lile fundo kwa meno kwa sababu lilikuwa limekaza. Nikachota maji, nikamwogesha. Aliendelea kuniomba msamaha hadi nilipomvisha gauni kavu, kisha akasahau. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Wanangu walikuwa mbali, kwao kukiwa na saa nyingine, na tayari walikuwa wakilia kwa sababu zao. Jirani aliporudi nilimwambia mama hakusumbua. Ni kweli, hakusumbua.

Alhamisi nilifungua somo na kusoma sentensi ya kwanza ya daftari langu. Nikalifunga. Mwanafunzi mmoja akadhani intaneti imekata.

"Madam, umepotea?"

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa mwanamke mtu mzima, sauti nzito yenye mkwaruzo, aliyekuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee kwa miaka mingi kabla ya kurudi shule, na bado alifanya kazi huko. Wiki iliyotangulia alikuwa amenibishia. "Huku kwetu sisi tuko wawili tu, na wazee ni wengi. Kama hufungi, yeye anaanguka. Halafu watu wa familia wanakuja kugombana na nani?" Nilikuwa nimemjibu kwa maneno ya daftari.

"Sijapotea," nikasema. "Juzi, kabla ya kuwafundisha, nilimfunga mama yangu."

Niliwaeleza yote, hata mkojo, hata maneno yake. Nilipomaliza niliangalia kama bando limeisha. Halikuwa limeisha. Nilifikiri: sasa watapiga simu chuoni, na hawatakosea.

Ndipo ile sauti ya mkwaruzo ikarudi. "Madam, mimi leo nimefunga wawili. Asubuhi. Sasa niko hapa nakusikiliza, na wao bado wamefungwa."

Mwingine akasema yeye alimfunga babu yake akiwa nyumbani. Mwingine nilimsikia akipenga kamasi. Saa ile hatukugusa daftari. Tuliongea juu ya uchovu, na juu ya hofu ya kulaumiwa mtu akianguka mikononi mwako. Chuoni hakuna aliyenipigia simu.

Baada ya wiki mbili yule mwanamke wa sauti ya mkwaruzo aliomba kusema. Kwao kulikuwa na mzee aliyefungwa kila siku kwa kuwa hakutulia kitini. Alikuwa amekaa naye chini na kumtazama tu. "Madam, yule mzee alikuwa anageuka. Kiti chake kinaangalia ukuta, watu wanapita nyuma yake. Mimi nikageuza kiti kiangalie mlango. Sasa anakaa. Anasalimia kila mtu." Alicheka, na kwa mara ya kwanza nikawasikia wengine wakicheka pia, katika viboksi vyao.

Mimi nilinunua mihogo mibichi sokoni, nikaimenya na kuianika juu ya turubai mbele ya mlango. Wingu likija, mama alitoka, akaikusanya kipande kwa kipande kwenye beseni, akaingia ndani na kukaa, ameridhika. Siku za somo niliisogeza simu pale nje. Wanafunzi walizoea kumsikia akinigombeza kwa uvivu.

Lakini sitaki kusema uongo: alianguka. Alijikwaa kwenye ukingo wa turubai na kuvunjika mkono, nyonga nayo ikaumia. Tulipelekwa hospitali Mbarara. Wakamtundikia dripu, akaing'oa kwa mkono uliobaki mzima. Wakaitundika tena, akaing'oa. Muuguzi wa zamu, binti mwenye macho mekundu kwa uchovu, akaja na bendeji ndefu. Nilijua anataka kufanya nini kabla hajasema.

"Tunafunga mkono kwa kitanda, mama. Kidogo tu."

"Usimfunge. Mimi nitaushika."

"Utashika mpaka lini?"

"Mpaka dripu iishe."

Nikaushika. Iliisha, wakaweka nyingine. Jirani zangu wa Nakivale wasingeweza kufika na kurudi kirahisi. Wagonjwa wa kando walikuwa na dada, shangazi, wakwe, wakipokezana mikeka na sufuria. Mimi nilikula mkate kwa mkono mmoja. Jumanne ilipofika niliwaandikia wanafunzi kwamba hakuna somo, niko wodini Mbarara na mama.

Siku iliyofuata, adhuhuri, mwanamke mfupi mnene mwenye sare ya bluu alisimama mwisho wa kitanda akiwa na chupa ya chai. Sikumjua.

"Madam, mimi nilidhani wewe ni mrefu," akasema, na ule mkwaruzo ukaniambia ni nani.

Nilikuwa bado nimeushika mkono wa mama. Akazunguka kitanda, akaingiza kiganja chake chini ya changu taratibu, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala, hadi mkono wa mama ukawa wake.

"Enda kula. Mimi niko."

Nilitoka nje ya lango nikasimama kando ya barabara. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyenijua. Niliagiza matoke na karanga katika mkahawa mdogo, nikala yote, halafu nikabaki nimekaa kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho mikono yangu yote miwili kuwa mitupu.

Niliporudi mama alikuwa amelala. Yule mwanamke akaniambia zamu yake inaanza saa nane na inabidi aende. Nilimwomba akae kidogo, si kwa ajili ya mama. Akatazama saa yake, akavuta kiti, akaketi.