Chokaa Niliyoisaga Laini

Kila nikiona ukuta mweupe, mwanangu, nakumbuka siku moja ya ujana wangu pale Binza, na mpaka leo naona aibu.

Nilikuwa najifunza ujenzi kwa Mzee Masanja. Mchumba wa dada yangu Kabula na watu wake walikuwa njiani, nami nikataka kuipaka nyumba yetu chokaa. Mzee alizoea kuweka shimoni mawe ya chokaa iliyochomwa, kuyamwagia maji na kusubiri yapasuke taratibu. Mimi, ujana ukanipanda kichwani, nikaona anapoteza muda. Nikayasaga kwa jiwe la mama la kusagia mtama, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Nilijiambia kwamba unga wa uji wa mtoto husagwa laini ili usimsumbue tumbo, basi na chokaa ikiwa laini itapungua makali.

Kabula alikuja kunisaidia. Akaimwagia kata ya maji, kama alivyozoea kumwona Mzee akiyamwagia mawe. Ikachemka papo hapo, ikaruka, ikampata machoni.

Tulimwosha kwa ndoo za maji, tukaendelea kumwosha njia nzima hadi hospitali. Mzee Masanja alitukuta hukohuko. Hakunipigia kelele.

"Ng'wanawane, mwanangu," alisema, "jiwe lilikuwa limejifunga, maji yaliingia polepole. Wewe umelifungua lote kwa wakati mmoja."

Miaka mingi baadaye mjukuu wangu, anayefundisha kemia Bariadi, aliniambia zaidi. Kusaga sana si kupunguza ukubwa tu. Kunavuruga mpangilio wa chembe ndani ya punje, na sehemu ya nguvu ya mkono hubaki humo, ikisubiri maji. Niliposikia hivyo nililia, maana mkono ule ulikuwa wangu.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikupona. Kabula aliolewa, lakini si na yule aliyekuja siku ile. Hadi sasa akinitembelea hunitania: "Kaka, ukuta umeupaka vizuri. Nusu ninayoiona inapendeza."

Tunacheka wote, kisha mimi natoka nje kidogo.

Wewe leo una mashine ya umeme, mwanangu, inasaga kwa dakika chache nilichosaga asubuhi nzima. Kitu ulichokisaga usikichukulie kama kile ulichokijua kabla ya kukisaga. Kijaribu kidogo, peke yako, umefunika macho, kabla hujamwita mtu akusaidie.

Mungu akulindie macho yako, na zaidi ya yako, ya yule atakayeshika kata kwa kukuamini.