Programu Inayogoma

Mwalimu wetu wa kompyuta pale shuleni Ibadakuli alipuliza kibodi kila mara kabla ya kuigusa, kama mtu anayepoza uji. Lafudhi yake ya Kisukuma iligeuza kila r kuwa l, nasi tulimcheka kila alipotupa kisogo kuandika ubaoni. Mwaka 1999 ilibidi achague programu ya Linux ya kupangia jarida la darasa. Moja ilipokea lolote uliloandika. Nyingine ilitaka amri, na ukikosea herufi moja, inagoma. Akaijaribu mbele yetu, ikagoma. Alikuwa ameweka l mahali pa r. Naznin wa dawati la mbele akaangua kicheko.

“Tunachukua hii ploglamu,” mwalimu akasema.

“Mwalimu, si imekuaibisha?” nikauliza.

“Imeniambia usoni. Ninyi mwaka wa pili huu mnanicheka kisogoni.”