Visi ya Tatu

Magoti yangu yalichoka kabla yangu. Miaka yote hii nachuchumaa juu ya mawe meusi ya ufuoni, hapa Goma, nikitengeneza mota za mitumbwi, na jiwe la volkano halijawahi kumhurumia mtu. Asubuhi natoka nyumbani, mtaa wa Murara, kwa miguu, natelemka hadi ziwani, na nikifika nimeshachoka, kazi hata haijaanza. Watu hudhani fundi anachoshwa na kazi ngumu. Uongo. Kazi ngumu inakuamsha. Kinachoniua mimi ni kazi rahisi, ileile kila siku, kama kumwaga mafuta ya mguu wa mota.

Mguu ni ile sehemu inayozama majini, yenye gia ndani. Una visi mbili, yaani skrubu, za mafuta: ya chini ya kumwagia, ya juu ya kuingizia hewa. Ukizifungua zote mbili, mafuta yanashuka yenyewe. Lakini mota nyingine za zamani zina visi ya tatu, jirani kabisa na ile ya chini, na kichwa chake kina alama ya msalaba. Hiyo kazi yake si mafuta. Imeshikilia mkono wa gia kwa ndani. Ukiitoa, mkono unaanguka, na haurudi mpaka uupasue mguu mzima. Nimewaonya watu juu ya visi hiyo mpaka midomo ikanikauka. Wapo walioniletea mota zao huku wameishika kiganjani, na mimi niliwacheka, tena si kidogo.

Sasa, kwetu visi haitupwi. Mfereji wa kichwa chake ukilika, tunachukua msumeno wa chuma tunakata mfereji mwingine unaokatiza ule wa kwanza, na visi inaendelea kuishi. Nimekata nyingi mno hivyo. Halafu wenye mitumbwi nao wanaupaka mguu rangi ya milango, tabaka juu ya tabaka, ili maji yasiule. Kwa hiyo fundi wa hapa huitafuta visi kwa ncha ya kisu, akikwangua rangi mpaka akutane nayo.

Asubuhi hiyo alikuja mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, mteja wangu wa siku nyingi, mzaliwa wa kisiwa cha Ijwi. Alikuwa amevaa koti na viatu vilivyofutwa vizuri, nikajua si safari ya kawaida.

“Fundi, mafuta imekuwa sawa chai ya maziwa,” alisema. “Na leo tunamuzika dada yangu kule Ijwi, saa munane.”

Nilimpa pole. Mafuta yakigeuka hivyo, maji yameingia ndani, na mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza kuvuka ziwa na mafuta ya namna hiyo. Alitazama boti ya abiria iliyokuwa ikipakia magunia mbali kidogo na sisi.

“Ao niingie mu ile bato? Inaondoka saa mbili.”

“Apana, papa. Ikala hapa. Dakika makumi tatu tu, unaenda na moteri yako.”

Nilisema hivyo bila kuinua kichwa. Ukweli ni kwamba swali lake lilinikera kidogo, kama vile ananitilia shaka. Akakaa kwenye jiwe. Boti ikapiga honi, ikaondoka, naye akanieleza kwamba katika ukoo wao kaka mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na wengine wote wanamngoja yeye. Nilikuwa nakwangua rangi huku nikiitikia.

Kisu kikafichua msalaba. Moyoni nikasema, hii nimeikata mimi mwenyewe. Sikukwangua zaidi kuona pembeni yake kuna nini. Nikaweka bisibisi, nikagonga mara mbili, nikazungusha. Ilitoka kwa ulaini, na hapo ningepaswa kushtuka, maana visi iliyopitiwa na msumeno haitoki hivyo. Mafuta meupe yakadondoka kidogo. Kisha nikasikia kitu kikianguka ndani ya mguu, kidogo tu. Nikashika mpini wa nje wa kubadilishia gia: ulikwenda mbele na nyuma bila kushika chochote.

Nitasema jinsi ilivyokuwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: papa, moteri ni ya zamani, gia zimekufa. Nani angejua? Nilikuwa nimechoka, na uongo ndio uliokuwa mwepesi kubeba. Lakini nilipoinua macho nikaona vile viatu vyake.

“Papa, nimetoa visi yenye haiko ya mafuta. Ni miye nimekosea.”

Aligeuka akatazama ziwa. Boti ilikuwa imeshakuwa ndogo.

“Itaisha saa ngapi?”

“Kesho, papa.”

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alizunguka ufuo kutafuta mtumbwi mwingine. Wenye mota nzuri walikuwa wameshatoka, na waliobaki hawakuwa na mota ya kufika Ijwi. Akapiga simu, akawaomba wamngoje kidogo. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeufungua mguu, gia ziko kwenye karai, mikono imejaa mafuta. Saa tisa simu yake ikalia. Alisikiliza, akasema “aya, aya”, akairudisha mfukoni.

“Mvua ilikuwa inakuya,” aliniambia. “Wamemuzika.”

Kesho yake nilimaliza kabla ya saa sita. Nikamwambia tutavuka pamoja. Nilidai nataka kuisikiliza mota, na kweli niliisikiliza njia nzima, lakini kilichonipandisha kwenye ule mtumbwi ni aibu.

Ijwi, watoto wa marehemu walikuja kutupokea majini kabisa. Binti mkubwa alipojua mimi ni fundi, alinishika mikono yote miwili, akainama.

“Aksanti, fundi. Bila weye, mujomba hangefika.”

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshalikiri kosa langu mara moja, kwa mtu mmoja, na nilidhani nimelimaliza. Mzee akaniwahi.

“Ni yeye alinileta,” alisema, akapanda njia ya kwenda kaburini.

Nilimfuata kwa mbali. Alisimama penye ule udongo uliokwisha kufunikwa majani, akaokota kidogo, akautupa juu. Hakuna aliyetupa baada yake. Wengine walikuwa wamemaliza jana.

Tuliporudi uani walinitolea kiti chenye mgongo, wakaniletea maji ya kunawa kabla ya wanaume wa ukoo, kisha maharagwe na ndizi, na kipande cha samaki ambacho hawakumpa mtu mwingine. Binti alisimama karibu ahakikishe nimeshiba. Ningekataa, ingebidi nieleze sababu. Nikala chote.