Truphena Alitutembeza Nairobi

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu uniache niseme. Mimi si mtu wa kuona vitu. Kanisani wenzangu wakiona maono, mimi huwa naona saa ya ukutani tu. Lakini haya niliyaona Nairobi, mchana kweupe, nikiwa na mama yangu mzazi, na mpaka leo nikiyakumbuka natamani kupiga mtu.

Chanzo ni dada yangu Florence. Miaka ya tisini hiyo alikuwa ameolewa Kawangware, na mumewe alikuwa soja, yaani mlinzi wa usiku, kwa matajiri wa Lavington. Florence akatuandikia barua nyumbani Maragoli. Njooni mwone mtoto, anasema, tuna vyumba viwili, Mama atakuwa na chake. Sasa wewe ujue, kwetu mama mkwe na mkwewe hawakai chumba kimoja. Hawapeani hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Kulala nyumba anayolala mkwe, hiyo hata haizungumzwi. Ndiyo maana Mama alimuuliza tena kwa barua: kweli ni vyumba viwili? Akajibiwa ni kweli.

Tukasafiri usiku kucha. Kufika asubuhi, vyumba viwili viko wapi? Chumba kimoja cha mabati, pazia katikati, na nyuma ya pazia mwanaume anakoroma. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha pili. Mama alisimama nje kwenye matope na mkungu wake wa ndizi kichwani, akakataa kuvuka mlango. Mjukuu wake wa kwanza akatolewa nje, akaonyeshwa kama vile watu huonyeshwa kuku sokoni.

Florence wala hakuona haya. Alisema twende tutembee, tuone mji, jioni atakuwa amempata mama mmoja wa kanisa huko Riruta Satellite wa kutulaza. Yeye mwenyewe hangeweza kuja, mtoto alikuwa mchanga. Yaani mama mzee, hajalala, hajanawa hata uso, anaambiwa akaangalie maghorofa kwa sababu mkwe amelala. Huo ni utalii gani?

Basi tukauona mji. Tulisimama chini ya lile jumba refu la mviringo, tukahesabu ghorofa mpaka Mama akashika shingo. Tukaona watu wamevaa suti wanakimbia na hakuna anayewafukuza. Tulipofika Uhuru Park Mama akaketi kwenye nyasi, akavua viatu, akatazama maji ya lile ziwa dogo. Hakusema neno moja baya juu ya Florence, na hilo ndilo lilinichoma zaidi. Angemtukana kidogo tu, ningepoa.

Hapo ndipo alipotokea. Mwanamke wa rika langu, kitambaa cha kijani kichwani, viatu vya raba vyeupe. Akainama mbele ya Mama, akasema, "Mulembe, Mama." Unajua ni raha gani kusalimiwa kwa lugha yenu katikati ya Nairobi? Mama alisimama kama msichana. Yule mwanamke akasema anaitwa Truphena, ni wa kwetu, anakaa Kibera, na siku hiyo hana shughuli. Akamshika Mama mkono na kumtembeza. Alitupeleka stesheni ya treni, akatuonyesha soko la maua, akamweleza Mama kila jengo ni la nani. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Sasa sikia ujinga wangu. Tukashika Ngong Road kwa miguu, nikasimama kununua mahindi choma. Nikaitisha matatu. Mzee mwenye jiko akanipa mawili. Nikamwambia matatu. Akatutazama, akasema anaona watu wawili. Mimi nikamwambia moshi umemla macho, nikachukua la tatu mwenyewe. Mbele kidogo mwanamke mwenye beseni alikuja moja kwa moja akataka kumparamia Truphena, nikamfokea naye. Niliona dharau kila mahali. Truphena alibeba mahindi yake mpaka Kibera bila kung'ata hata punje, na katika tope lile lote raba zake zilibaki nyeupe. Utaniuliza, hukuyaona hayo? Niliyaona, niamini. Lakini kichwa changu kilikuwa Kawangware, kinagombana na Florence.

Njiani Mama alimweleza shida yetu ya malazi. Truphena akasimama, akamtazama sana.

"Kwangu hakuna mkwe, Mama," akasema. "Utalala kitandani kwangu."

Tukapita kituo cha Olympic, tukateremka kwenye vichochoro vya Kibera. Chumba chake kilikuwa cha udongo na bati, kidogo kuliko hata cha Florence, lakini kisafi. Kitanda kimetandikwa shuka la maua, magazeti yamebandikwa ukutani. Mlango ulikuwa wazi. Mama akaingia bila kusita, akaketi, akashusha pumzi. Nami nikasema nakimbia Kawangware kuchukua mfuko wake wa nguo, na nina maneno mawili matatu ya kumwambia Florence nikifika.

Sikuwa nimepita nyumba tatu. Mama mmoja Mjaluo alikuwa anafua nje, akaniuliza yule mzee nimemwacha na nani mle ndani. Nikamjibu kwa ukali, nimemwacha na mwenye nyumba, Truphena, na yeye inamhusu nini? Yule mama akaacha kufua.

"Truphena tulimzika Lang'ata," akasema.

Nikasimama hapo hapo. Akanieleza taratibu, bila hasira, ingawa nilikuwa nimemjibu vibaya. Truphena alikuwa akiwaandikia watu wa kwao kwamba ana nyumba kubwa, ya vyumba vitatu. Mamake alipotaka kuja kumwona, Truphena alisema mvua imeharibu barabara. Mara nyingine akasema ana wageni. Hivyo hivyo miaka ikapita, aibu ya chumba kimoja ikimzuia kumwita mamake. Alipougua alikataa kabisa kutaja kijiji chao, asije mtu akaona alivyokuwa akiishi. Akafa. Majirani hawakujua wapeleke habari wapi, wala mwili. Kwetu mtu kuzikwa mjini, mamake hajui, hajamlilia, hilo ni jambo baya kuliko kifo chenyewe. Tangu siku hiyo, akasema, hakuna mpangaji amewahi kukaa mle hata wiki.

Nilirudi mbio. Ule mlango nilioukuta wazi ulikuwa umefungwa kwa nje na kufuli lenye kutu. Kwa nje, unanielewa? Na ndani nilisikia sauti ya Mama anaongea, anagombeza kwa upole, vile hutugombeza sisi wanawe. Nikapiga mlango kwa mikono mpaka ikatoka damu. Yule mama Mjaluo akaleta jiwe la kusagia, tukalivunja kufuli pamoja.

Kitanda hakikuwepo. Shuka halikuwepo. Mama alikuwa ameketi kwenye sakafu, vumbi mpaka magotini, miguu ameitanua kama mtu aliyekaliwa na mtoto katikati, na vidole vyake vilikuwa vinasuka. Vinagawa, vinavuta, vinasuka nywele ambazo mimi sikuziona. Nikamwita. Hakuinua kichwa.

"Ngoja nimalize huyu," akasema. "Amekaa sana bila kusukwa."

Tulimbeba. Kawangware nilifika nikamwambia Florence maneno ambayo sitayarudia hapa, mpaka mumewe akatoka na fulana yake na Mama akajifunika uso. Huyo mkwe Mama alimjua, akamwonea haya kama kawaida. Mimi alinijua. Lakini Florence alipopiga magoti analia, Mama alimpapasa kichwa na kumwita Truphena.

Tukasema ni uchovu, utapita. Haukupita. Mama aliishi miaka tisa baada ya hapo, akili timamu, anajua ng'ombe wake, anajua zaburi zake, anajua jina la kila mjukuu. Florence pekee ndiye alimpotea. Kila Krismasi alikuja nyumbani, akasimama mbele ya Mama na kusema mimi ni Florence, mzaliwa wako wa pili. Mama alikuwa anamjibu, ndiyo, Truphena, najua, keti nikusuke. Mimi nilikuwa natoka nje. Nilimkasirikia Florence, nikamkasirikia yule marehemu aliyejipatia mama kwa kumnyang'anya mwenzake, na wakati mwingine nilimkasirikia hata Mama.

Siku Mama anakata roho tulikuwa wote chumbani. Alitutaja mmoja mmoja. Kisha akauliza, Truphena amefika? Florence alikuwa karibu na mlango. Nilimwona akifungua mdomo kukataa, kama alivyokataa miaka yote tisa, halafu akaja akaushika mkono wa Mama.

"Nimefika, Mama," akasema.

Kwa hiyo wewe unayekaa mjini, na huko kwenu wanadhani una vyumba viwili, mwandikie mamako leo. Mwambie ni kimoja, bati linavuja, na mkwewe atalala kwa rafiki siku yeye akija. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajashikwa mkono na mtu mwingine.