Mlio Uliosikika Barabarani Tu

Mtaani kwao walimwita Fundi Meno, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Madaktari walimletea kalibu za vinywa vya watu asiowajua, naye, katika kichumba cha ghorofa ya pili chenye dirisha moja na meza iliyojaa vumbi la plasta, alipanga jino baada ya jino kwenye nta ya waridi mpaka kinywa kikarudi kuwa kinywa. Akikutana njiani na mtu anayecheka, alisimama akamkodolea macho mdomoni hadi mkewe amvute shati.

"Baba Pacha, ipo siku utapigwa!"

"Nataka kujua kama ni yale yangu."

Ndivyo alivyoumbwa. Redio ikikoroma, aliifungua. Kitasa kikigoma, alikilaza mezani vipande vipande, na wakati huo watu wa nyumbani walilala na kiti nyuma ya mlango. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao tangu goti lianze kumsumbua, alisema mkwe wake huyo angezaliwa kifaranga angetaka kurudi ndani ya yai aone limefungwaje.

Skuta aliikuta chini ya ngazi za jengo alilofanyia kazi. Ilikuwa ya zamani, nyonga pana, taa moja ya duara, imesukumwa ukutani nyuma ya madumu ya rangi, matairi yamenywea. Kwa miaka minne aliipita asubuhi na jioni. Mchana mmoja akachuchumaa, akalizungusha gurudumu la mbele kwa kidole. Likaenda nusu mzunguko, likakwama. Akalizungusha tena, likakwama palepale. Basi, kazi ikawa hiyo. Alasiri nzima alichonga meno huku akijiuliza ni kitu gani kilicholikwamisha. Kufika saa kumi na moja, alikuwa mlangoni kwa msimamizi wa jengo.

"Ile skuta ni ya nani?"

"Ya mpangaji aliyehama. Alisema anayeitaka aichukue, mimi nipumue. Lakini wewe unaitakia nini, Fundi? Hata baiskeli hupandi!"

Hilo lilikuwa kweli. Akiwa na miaka kumi na saba alishuka mteremko kwa baiskeli isiyo na breki, akaishia kwenye ukuta wa watu na mfupa wa bega umevunjika. Tangu siku hiyo, alikiogopa chombo chochote cha magurudumu mawili. Aliweza kukisogelea, kukishika, kukifungua. Kukipanda, hapana.

Akaisukuma mpaka nyumbani kwa miguu, jasho likimtiririka. Mama Pacha, mkewe, mama wa mabinti mapacha waliokwisha kuolewa na kuhamia mbali, alikuwa muuguzi wa kuwazungukia wagonjwa majumbani. Alisimama langoni, mkoba wa kazi begani.

"Umetuletea maiti?"

"Haijafa. Imezimia tu."

Miezi saba stoo haikuingilika. Fundi Meno alikuwa na visanduku vidogo vyembamba ambavyo meno ya kiwandani huja yamepangwa ndani yake, na humo akaweka kila nati, kila washa na kila skrubu aliyoitoa. Ukifungua kisanduku kilichoandikwa "magego ya juu" ulikuta bolti za injini. Gurudumu la mbele aligundua limekamatwa na kiatu cha breki kilichoota kutu, akafurahi kana kwamba ameambiwa siri. Kabureta aliipiga mswaki kwa brashi ileile ya kusafishia meno bandia. Waya wa klachi alibadilisha, plagi alibadilisha, viti akashona upya. Siku alipopiga kiki, alipiga ishirini na tisa bure. Ya thelathini skuta ikakohoa, ikatema moshi wa buluu ulioingia moja kwa moja jikoni, na mama mkwe akatoka na mwiko mkononi kuuliza nyumba inaungua upande gani.

Ikanguruma. Wakasimama wote watatu kuitazama. Fundi Meno akaangalia tandiko, akaangalia miguu yake, akakuna kichwa.

"Sasa tunatazamana nini?" Mama Pacha akasema. "Nipisheni."

Wiki tatu alijifunzia uwanja wa shule jioni jioni, akafanya mtihani, akapata leseni. Kuanzia hapo skuta ikawa ya watu wawili kwa namna ambayo majirani hawakuielewa. Mume aliijua ndani, mke aliijua njiani. Kila Jumamosi mume aliiosha, akapima upepo wa matairi, akatia oili nyaya, akakwangua plagi. Akaifungia kioo cha kukinga upepo, ndoano ya kuning'iniza mkoba, na nyuma akachomelea keria ya mabomba membamba, ya kubebea sanduku la vifaa vya kazi. Na jioni mkewe alimpa ripoti kama anayekabidhi zamu wodini.

"Mgonjwa wako leo kaamka vizuri. Ila ukikata kona kushoto anaguna."

"Anaguna mara moja au anaendelea?"

"Mara moja, kama mtu aliyekanyagwa."

Fundi Meno alienda stoo akiwa na furaha ya mtu aliyepewa zawadi, na kesho yake skuta haikuguna.

Kisha Jumatatu moja ukaja mlio.

"Inaimba," Mama Pacha alisema, akivua helmeti.

"Inaimba nini?"

"Uuuuu. Kwa mbali. Nikiteremka mlima wa kwenye tangi la maji, spidi ikipita arobaini, inaanza. Nikipunguza, inanyamaza."

Akaiwasha uani, akaivutia mafuta mpaka mbwa wa jirani akabweka. Hakuna uuuuu. Akafungua bomba la moshi akalikaza upya. Jumanne: bado inaimba. Akabadilisha beringi za gurudumu la nyuma. Jumatano: bado. Alhamisi akamketisha mkewe kwenye kochi, akataka aige mlio vizuri.

"Uuuuu."

"Jana ulisema iiiii."

"Jana nilikuwa na kasi zaidi."

"Kwa hiyo unaendesha kwa kasi?" Alinyanyuka. "Mbona hukuniambia? Ni kama filimbi au kama nyuki?"

"Baba Pacha, mimi ni muuguzi. Ni kama mtu anayepuliza chupa huku anawaza mambo mengine."

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele, akasema yeye angewapeleka wote wawili hospitali, skuta akaiacha.

Fundi Meno akampa mkewe simu aurekodi mlio. Kilichorudi ni upepo mtupu, kama mtu anayepasua shuka. Akampelekea skuta fundi wa pikipiki wa mtaa wa pili, jamaa mnene aliyejulikana kwa jina la Spana. Spana akaizungusha sokoni, kati ya mikokoteni na mashimo, akarudi anatikisa kichwa.

"Sijasikia kitu. Labda ni masikio ya shemeji."

Bahati mbaya shemeji mwenyewe alikuwa nyuma yake.

"Masikio yangu husikia moyo wa mtoto tumboni kwa mama yake," Mama Pacha akasema. "Umefika mteremko wa tangi la maji wewe? Ulifika arobaini?"

Spana akacheka kwa aibu. "Hapo nimekosa, shemeji." Akamgeukia Fundi Meno. "Lakini na wewe, kaka, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Unataka kuwahesabu ukiwa sebuleni? Panda nyuma ya mkeo ukausikie mwenyewe."

Fundi Meno aliinama akajifanya anakagua tairi.

Wiki ya pili ilimkuta hajitambui. Kazini alipanga seti nzima ya meno ya juu, akaingarisha, akaifunga, ndipo akaona chonge la kulia limekaa kushoto. Jambo hilo halikuwahi kumtokea katika miaka ishirini na miwili. Aliketi akaitazama ile seti. Huu mlio, alijiambia, unaishi mahali ambapo mimi siendi. Uani hauji. Stoo hauji. Simu imeshindwa kuuleta. Hofu ya kupanda ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe, ila sasa kando yake kulikuwa na kitu kingine kilichomwasha zaidi ya hofu.

Jumamosi asubuhi akatokea uani amevaa helmeti ya akiba, koti zito, na shingoni amejizungushia mpira mwembamba wa maji wenye urefu wa mita moja.

"Huo mpira wa nini?" mkewe akauliza.

"Ncha moja sikioni, ncha moja kwenye injini. Na wewe si unasikiliza mapafu hivyo hivyo?"

Mama Pacha alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. Aliona midomo imemkauka. "Nitaenda taratibu," akasema.

"Ukienda taratibu hautatokea."

"Basi nitaenda inavyotakiwa. Nikumbatie kiunoni, na nikilala kona na wewe lala. Usishindane na mimi."

Mama mkwe akasogea na fimbo yake hadi langoni. "Mwanangu, kama goti langu lingekubali, ningekwenda mimi. Shika sana."

Mtaa wa kwanza Fundi Meno aliumaliza macho yamefumbwa. Aliyafungua kwenye mzunguko, akaona lami ikikimbia chini ya kiatu chake, akayafumba tena. Mabega yalimpanda hadi masikioni. Katika kona ya kwanza alishindana, skuta ikayumba, na mkewe akapaza sauti, "Lala!" Kona ya pili akalala. Ya tatu akalala bila kuambiwa. Wakapita kituo cha mafuta, wakapita ukuta mrefu wa ghala, na barabara ikaanza kupanda.

Juu, penye tangi la maji, Mama Pacha akageuza kichwa. "Tayari?"

Hakungoja jibu. Skuta ikainamisha pua. Upepo ukaingia ndani ya koti. Thelathini. Thelathini na tano. Fundi Meno akachomeka mpira sikioni chini ya helmeti, akainama akagusisha ncha ya pili kwenye kifuniko cha injini. Injini ilikuwa ikitwanga sawasawa, tak-tak-tak, nzima kama siku aliyoifunga.

Ndipo akausikia. Uuuuu. Ulikuwa kwenye lile sikio lisilo na mpira!

"Umeusikia?" mkewe akapiga kelele.

"Nimeusikia! Ongeza!"

Hata yeye alishangaa kwamba neno hilo limetoka kinywani mwake. Uuuuu ukageuka iiiii, kama alivyoambiwa. Akautoa mpira, akageuza shingo huku na huku. Mbele? Hapana. Kwenye gurudumu? Hapana. Skuta ikaruka kijiwe kidogo, roho ikamruka nayo, na mkono wake wa kulia ukakimbilia nyuma ukalidaka bomba la keria.

Mlio ukakatika.

"Mbona umenyamaza?" Mama Pacha akauliza.

Fundi Meno alitulia, kasi ileile, upepo uleule. Akanyanyua kidole cha shahada kutoka kwenye bomba. Iiiii. Akakirudisha. Kimya. Akakinyanyua na kukishusha, kukinyanyua na kukishusha, na skuta ikateremka mlima huo ikipiga filimbi kama mlinzi wa lango aliyechanganyikiwa.

"Ni tundu!" akapiga kelele. "Mama Pacha, ni tundu! Simama!"

Walisimama pembeni, chini kabisa ya mteremko. Alishuka, akapiga magoti nyuma ya skuta. Ubavuni mwa bomba la keria palikuwa na tundu safi, la kutosha bolti moja, halina bolti. Upepo ulilipita kama mdomo unavyopuliza chupa. Akakumbuka. Jumapili ile, kabla ya Jumatatu ya mlio, alisogeza sanduku nyuma kidogo ili mkewe apate nafasi ya kukaa. Alitoboa tundu jipya la bolti. La zamani aliliacha wazi, akasahau.

"Kwa hiyo," Mama Pacha akasema polepole, "wiki mbili. Beringi mpya. Bomba la moshi. Spana kanitukana masikio."

"Ndiyo."

"Na aliyetoboa ni nani?"

"Mimi."

Mama Pacha akaegemea skuta akacheka mpaka machozi. Fundi Meno naye akaanza, kwanza kwa aibu, halafu kwa raha, akikaa chini kwenye majani na helmeti kichwani. Alipopata pumzi alitazama kule barabara ilikoelekea. Ilivuka daraja dogo, ikagawanyika pande mbili, na upande wa kulia moshi mweupe ulipanda nyuma ya miti.

"Kule ni wapi?"

"Kulia ni kiwanda cha mbao. Kushoto kuna mgonjwa wangu wa kisukari, yule mwenye bata."

"Kumbe huwa unafika huku kote?"

"Kila siku nakusimulia, Baba Pacha. Wewe hunisikilizi. Unaniuliza tu klachi imefanyaje."

Hilo lilimwingia. Akainuka, akajipangusa majani. "Tundu nitaliziba kesho. Leo nipeleke huko kwenye mbao."

Jumapili aliliziba kwa plastiki ya kutengenezea ufizi, maana ndiyo iliyokuwa mezani. Mpaka leo nyuma ya skuta ya kijani kuna kidoa cha waridi, na Spana kila akipita huuliza ile skuta itaota jino lini. Kuendesha, Fundi Meno hajaendesha. Mama Pacha alimpa usukani mara moja uwanjani, injini imezimwa, akashika dakika mbili akasema yatosha. Lakini kiti cha nyuma amekizoea. Jumamosi akishaiosha na kupima upepo, huvaa helmeti bila kuambiwa, na mama mkwe huwafungulia lango akiwauliza watamletea habari gani.

Tabu imebaki moja. Kule kiwandani kuna msumeno mkubwa wa duara, na mzee anayeunoa hutumia kifaa cha ajabu kulaza meno ya msumeno huo, moja kulia, moja kushoto. Fundi Meno akishaingia mle, Mama Pacha hukaa juu ya skuta saa nzima akimngoja.