Kumchagulia Kaka Vifungio vya Theluji

Barua ya kaka ilifika Matrah, jirani na Maskati, katika siku za joto, wakati hata kuku walitembea midomo wazi. Ndani mlikuwa na karatasi mbili, moja ya maneno na moja ya picha alizozichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Nilimsomea mama polepole. Mimi niliishia shule ya msingi Unguja, na kusoma kwangu hakujawahi kuwa kwa mbio.

Kaka alikuwa Ulaya, katika nchi ya milima, akisomea ufundi wa mitambo. Chuo kilipofungwa wakati wa baridi alifanya kazi ya kupeleka mikate kutoka kijijini hadi nyumba ya wageni juu ya mlima, ambako gari haikuweza kufika kwa theluji. Alipanda kwa mbao mbili ndefu za kutelezea zilizofungwa kwenye viatu. Mwaka uliopita vifungio vyake vya chuma vilimchosha, akawa anafika alasiri, wageni wameshakula bila mkate. Mwenye nyumba alimwambia kuwa akichelewa tena baridi hii, atatafutwa mwingine. Kazi hiyo ndiyo iliyompa chumba na chakula mwaka mzima. Akiikosa, itambidi aache masomo aje kwetu Maskati.

"Dukani kuna aina tatu," aliandika. "Mimi nimeshindwa. Wewe unashinda na matandiko ya punda, unajua kitu kinavyokaa mwilini. Nichagulie."

Mama alitaka nirudie pale penye habari ya kuja. Nikarudia.

"Basi mchagulie vizito," akasema.

"Mama!"

"Nini? Si umeulizwa wewe? Vizito. Achoke, aje."

Akacheka, kisha akaichukua karatasi ya picha akaitazama juu chini.

Nilikuwa nikifanya kazi kwa mjomba, aliyeshona matandiko ya punda na ngamia. Adhuhuri duka lilifungwa, nami nikilala nyuma juu ya ngozi zilizokunjwa. Theluji sikupata kuiona. Niliitengeneza kwa vitu nilivyovijua: chumvi, pamba ya mto, unga wa muhogo ulioanikwa. Katika usingizi ule mwepesi nilimwona kaka akipanda juu ya unga usio na mwisho, mikate mgongoni, na hatua zake hazikuwa na sauti. Nilitaka kumwita, lakini hata ndotoni niliona haya. Nilipoamka mkono wangu ulikuwa unanuka ngozi, na jua limesogea kidogo tu ukutani.

Katika picha za kaka, aina ya kwanza ilikibana kiatu chote, mbele na nyuma. Ilifaa kwa kushuka, na ukianguka iliuachia mguu usivunjike, lakini kupanda nayo kisigino kimefungwa ni taabu tupu. Ya pili ilikuwa na waya mnene uliozunguka kisigino. Kisigino kiliweza kunyanyuka, ila kila kifungio kilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia bizari. Ya tatu ilikuwa kibati tu chenye misumari mitatu mifupi, kilichoshika ncha ya soli. Nyepesi kama kijiko. Kaka aliiogopa hiyo: akishuka, kisigino kitacheza, mbao zimpeleke zitakako.

Asubuhi moja nililifunga jiwe la mama la bizari kwenye mguu wa kulia, nikaanza kupanda njia ya mawe nyuma ya nyumba zetu. Wanawake wawili wenye mitungi ya maji walisimama.

"We kijana, nani kakufunga?"

"Mkewe huyo, asikimbie."

"Mke gani? Huyu hata salamu anaitoa kwa chini chini!"

Masikio yaliniwaka, nikaendelea kupanda. Kabla ya kona ya kwanza mguu ule haukuwa wangu tena. Nikalifungua jiwe, nikalibeba mgongoni, nikafika juu bila shida. Mgongoni unalibeba jiwe mara moja, lakini mguuni unalinyanyua upya kila hatua. Nikaketi pale juu nikitazama milima isiyo na jani, nikaiona yote imegeuka nyeupe, na kitu kidogo cheusi kikipanda.

Kupanda nilikuwa nimekuelewa. Kushuka bado.

"Mjomba," niliuliza baadaye, "punda akishuka mlima, tandiko unalifanyaje?"

"Umesahau kazi? Akipanda unalegeza mkanda wa nyuma, apate kunyoosha mwili. Akishuka unaukaza, tandiko lisimwendee shingoni." Akauona mchoro mkononi mwangu. "Wallahi! Unataka kumtandika kaka yako?"

Ndivyo nilivyotaka. Nilichagua kibati chepesi, nikakata mikanda miwili ya ngozi ya kuzunguka visigino: apandapo ining'inie, ashukapo aikaze kwa kusokota kijiti. Kipimo nilikipata kwenye mitawanda ya kaka, vile viatu vya mti alivyokuwa akivaa akienda kutawadha, ambavyo mama alikuja navyo sandukuni kutoka Unguja. Nikashona mshono wa mara mbili, nikaipaka ngozi mafuta ya simsim, nikaipeleka posta.

"Umemchagulia vipi?" mama aliuliza.

"Vyepesi."

Akaendelea kuchambua mchele.

Mikanda ilikuwa imeshakwenda wiki nyingi pale fundi mmoja Mzungu alipoleta buti limeachia soli. Nilitia mkono ndani kulishika, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Nikaligeuza lile buti, nikalitazama tena.

"Umepatwa na nini?" mjomba akauliza.

"Ile mikanda. Nimeipima kwa mtawanda."

Alinitazama, kisha akapiga paja. "Umempimia mguu wa kutawadhia!" Alicheka mpaka akakohoa. Lakini na yeye aliishika mikanda ile, akaisifu, wala hakukumbuka kwamba huko watu hawatembei na miguu mitupu.

Nilishona mingine mirefu, yenye matundu mengi, nikijua haitafika kabla ya baridi. Siku zile sikulala adhuhuri. Nilipofumba macho nilimwona kaka amesimama katikati ya weupe, amevishika vile vipande vifupi vya ngozi.

Jibu lilikuja mwaka uliofuata, tende zilipoanza kugeuka rangi. Nilisoma kwa sauti, mama ameketi mbele yangu.

Mikanda ilikuwa mifupi, kaka aliandika. Aliukata mshipi wa suruali yake akaiunganisha nao, akawa anashuka huku ameshika suruali kwa mkono mmoja. Lakini kupanda, alisema, alipanda kama hana kitu mguuni. Siku zote alifika kabla ya adhuhuri, mikate bado ina vuguvugu. Mwenye nyumba amemweka mpaka amalize masomo, miaka mitatu.

"Mitatu," mama akasema.

"Naam, mama."

Alinyoosha goti, akalisugua. "Chukua kalamu umjibu. Mwambie mimi nnashukuru. Na mwambie kweli, mimi nilitaka vizito."

Nikaandika, herufi moja moja, mpaka jasho la kiganja likalowesha karatasi. *Mama alitaka vizito.* Halafu nikabaki na kalamu mkononi, sijui kama nimwandikie na mimi, moyoni, nilitaka vifungio vipi.